Nazmiye na Roshani ya Vioo ya Dilber

Ukitaka kumjua Nazmiye fundi, usiulize watu. Mtazame anavyoingia jikoni mwa wenzake. Wengine wakiingia jikoni hunusa kilichoko motoni. Yeye hunyanyua uso, akalitazama boila ukutani, ule mtambo wa gesi wa kupasha moto maji na nyumba, akalifuata bomba la moshi kwa macho kutoka linapoanzia mpaka linapotoboa ukuta kwenda nje. Kama hajauona mwisho wa bomba hilo, hata umwekee kitu kitamu namna gani mkononi hatakila. Salamu kwanza kwa dohani, kisha kwa mwenye nyumba. Mumewe Ihsan, dereva wa basi na mpishi hodari kuliko mkewe, hupenda kusimulia siku wazee wake walipokwenda kuposa. Binti aliwaletea kahawa kama desturi inavyotaka, akamwinamia baba mkwe mtarajiwa kumpa kikombe, kisha akasema mbele ya wote, "Baba, koti lako linanuka masizi. Dohani ya nyumbani kwenu haivuti. Nitakuja kuizibua kabla ya harusi." Na kweli alikwenda.

Kazi aliirithi kwa baba yake, mzee Zekeriya, aliyekuwa akisafisha dohani hapa Bursa tangu zama za majiko ya makaa ya mawe. Sisi tunaokaa chini ya mlima tunaujua vizuri ule upepo wa kusini, lodos, unaotushukia katikati ya baridi ukiwa na joto la uongo. Huyeyusha theluji, hung'oa vigae, huwatia watu maumivu ya kichwa na hasira, na ukikuta dohani dhaifu huushindilia moshi urudi ulikotoka. Kila majira ya baridi, asubuhi ya lodos, kulikuwa na nyumba ambayo mlango wake haukufunguliwa. Mzee Zekeriya alikuwa akirudi kutoka kwenye nyumba kama hizo haongei wala hali, na binti yake aliyaona hayo tangu yuko mdogo. Gesi ilipoletwa mjini na majiko yakatupwa, watu walidhani hatari imetupwa pamoja nayo. Nazmiye hakudhani hivyo. Alikwenda kusoma, akapata leseni, akawa anapanda ngazi na boila mgongoni huku wanaume wa mtaa wakimcheka. Siku hizi hawacheki. Nyumba ikiwashinda mafundi wengine, humwita yeye, naye huja akitafuna mbegu za alizeti na kuwauliza, "Haya, mmeharibu nini?"

Kujiamini kwake kunawakera baadhi ya watu. Mimi hakunikeri. Mtu anayeweza kukuua kwa kukosea skrubu moja, heri awe anajiamini kuliko awe mnyenyekevu. Maneno yake huwa hayabadiliki: boila ni kiumbe, linavuta pumzi, linatoa pumzi na linakunywa maji. Ukilinyima kimojawapo litalipiza, na litakayemlipiza ni aliyelala karibu yake.

Sasa, huyo Dilber. Dilber na Nazmiye ni mashoga tangu wakiwa na meno ya utoto. Walichezea kichochoro kimoja, wakaolewa mwaka mmoja, na kila vuli hukaa pamoja wakitia achari ya kabichi, matango madogo na nyanya mbichi kwenye mitungi ya kioo. Hugombana chumvi iwe kiasi gani mpaka majirani hufunga madirisha. Mitungi yote hukaa kwenye roshani ya Dilber, upande wa nyuma unaotazama bonde, maana huko ndiko kwenye baridi nzuri. Kila mmoja huchukua yake kidogo kidogo mpaka majira yapite.

Boila la Dilber alilifunga Nazmiye mwenyewe. Alichagua ukuta wa matofali, akakataa ule wa mbao ambao Dilber aliutaka kwa ajili ya urembo. Alizisuuza redieta za zamani, zile za kupashia vyumba joto, mpaka maji meusi kama kahawa yakaisha. Kwa kuwa jengo lile lina kisima chake na maji yake huacha utando mweupe kwenye kila birika, alifunga pia kikombe kidogo cha chujio chenye fuwele za kuzuia chokaa. Kila kiungo cha gesi alikipaka povu la sabuni, akakodoa macho kuhakikisha hakuna hata kipovu kimoja kinachotuna. Mwisho akamshika shoga yake mkono akamtoa roshani.

"Unauona mdomo huu?" akamwonyesha ncha ya bomba ikichungulia ukutani. "Hapa ndipo linapovutia hewa na ndipo linapotolea moshi wake. Mbele yake pawe wazi daima. Usitundike zulia, usiegemeze kabati, na usije ukanizibia kwa vioo kama majirani zako hawa wanaogeuza roshani kuwa sebule."

"Nizibe, kwani mimi chizi?" Dilber akajibu. "Naapa kwa mitungi yote hii."

Aliapa, na alipokuwa akiapa alikuwa na nia njema. Lakini baadaye mkwe wake Elvan, mke wa mwanawe Tarik, alijifungua msichana, wakamwita Nilay, na mtoto akazaliwa kwenye baridi kali. Chumba cha mzazi kilikuwa kile cha nyuma, chenye dirisha linalofungukia roshani. Dilber aliliona dirisha lile akakosa usingizi.

Hapa lazima niseme jambo ambalo Dilber mwenyewe halisemi. Miaka mingi iliyopita, kabla ya Tarik, alizaa mtoto wa kiume akamzika kabla ya arobaini. Mapafu. Nyumba ilikuwa na nyufa, na mama mkwe wake alimwambia mbele ya watu, mbele ya maiti, kwamba mtoto ameuawa na upepo kwa sababu mama yake hakujua kufunga dirisha. Nazmiye alikuwepo. Ndiye aliyemshika asianguke. Tangu siku hiyo, neno upepo likitajwa nyumbani kwa Dilber, mtu huinuka akasukuma milango.

Basi Nazmiye aliposafiri kwenda harusini Izmir, Dilber alimwambia mwanawe aite watu wa vioo. Wakaiziba roshani yote, juu mpaka chini. Palipendeza kweli. Nepi zikapata pa kukaukia, mitungi ikapata kinga, na chumba cha mzazi kikawa na joto la mkate. Nazmiye aliporudi alikuwa na mafua makali aliyoyaokota harusini, na mwenye mafua haruhusiwi kumkaribia mzazi, kwa hiyo zawadi yake aliituma kwa Ihsan. Dilber alishukuru Mungu kwa mafua yale. Aliujua ulimi wa shoga yake.

Haukupita muda, Elvan akaanza kuumwa. Kichwa, kichefuchefu, mwili kama umefungiwa mawe. Usiku aliamka akihema, akisema kuna kitu kimemkalia kifuani. Kwetu hilo halihitaji mganga wa kuliagua. Mzazi ambaye hajatoka arobaini hujiwa na Mwanamke Mwekundu, yule anayekaa juu ya vifua vya wazazi wakiwa peke yao. Dilber alifanya kila alichofundishwa. Alifunga utepe mwekundu kwenye kichwa cha kitanda, akaweka mkasi chini ya mto, akaegemeza ufagio mlangoni, akaacha taa inawaka. Juu ya yote hayo akaziba kila upenyo kwa taulo, akaongeza moto wa boila ili mkwe wake asipate baridi. Na Mwanamke Mwekundu akazidi kuja.

Kilichomleta Nazmiye hatimaye ni chokaa. Alasiri moja simu yake ililia, naye akapokea akiwa bado ana mabaki ya mafua puani.

"Nazmiye, njoo! Mtoto nimemtia sabuni, maji yakageuka barafu. Yanakuwa moto, yanakuwa baridi, kama mtu anayefanya mzaha."

"Mpanguse umfunike. Nakuja."

"Lakini njoo kwa ajili ya maji tu," Dilber akasema haraka. "Mengine yote hayajambo."

Nazmiye alikata simu akabaki anaitazama. Fundi akiambiwa mengine hayajambo kabla hajauliza, hufunga kamba za viatu upesi. Nje, lodos ilikuwa imeanza. Theluji ya juu ya paa ilikuwa ikidondoka vipande vipande, na hewa ilikuwa ya joto joto kama pumzi ya mtu. Alibeba mkoba akapanda kilima karibu mbio.

Dilber alifungua mlango akiwa amejibana kichwa kwa kitambaa.

"Na wewe unaumwa?" Nazmiye akauliza.

"Lodos hii. Nani haumwi? Ingia, vua viatu, usimpigie chafya mtu. Boila si unalijua lilipo?"

Nazmiye aliingia jikoni akanyanyua uso. Bomba lilikuwa palepale likitoboa ukuta. Lakini mlango wa kwenda roshani ulikuwa umefunikwa kwa pazia zito, na mbele ya pazia kabati la vyombo limesukumwa. Kioo cha dirisha la jikoni kilikuwa kinatiririka maji.

"Kabati limehama?"

"Nimebadilisha mpangilio. Haya, maji."

Nazmiye aliinama kwenye chujio, akafungua kile kikombe. Kilikuwa kitupu. "Fuwele zangu ziko wapi?"

"Nilizimwaga. Mjukuu wangu aoge madawa?"

"Madawa! Wee Dilber, bila zile boila lako linakunywa mawe. Ndiyo maana maji yanakatika. Chokaa imejaa ndani mpaka maji hayana pa kupita." Akajinyoosha. "Nitalisafisha. Lakini kwanza dohani."

"Dohani ni ile ile."

"Basi niione ile ile."

"Nazmiye, mtoto ana sabuni mwilini na wewe unataka kutalii!"

Nazmiye alikwisha kuchomoa mkandani kipimo chake cha hewa ya sumu, kidude kidogo kama redio ya mfukoni, akakiwasha. Kilikaa kimya kwa pumzi mbili tatu, kisha kikaanza kulia. Alivyokisogeza karibu na pazia kikapiga kelele kama kinachinjwa.

"Hicho kidude chako si kililia hata siku ile nilipokaanga pilipili?" Dilber akasema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

Nazmiye aliliegemea kabati kwa bega. Vyombo vikagongana ndani, sufuria moja ikaanguka, kabati likahama. Akalivuta pazia. Roshani yote ilikuwa kioo kitupu, na kila kioo kilikuwa kinatoka jasho. Maua ya Dilber yaliyokuwa fahari ya jengo zima yalikuwa yamelala kwenye vyungu vyake. Katikati ya nepi na mitungi ya achari, mdomo wa bomba ulikuwa ukitoa moshi wake mweupe ndani ya chumba kisicho na tundu, ukiuvuta tena, ukiutoa tena. Na pembeni tu, hatua chache, lilikuwepo dirisha la chumba cha mzazi.

Nazmiye akamgeukia shoga yake.

"Umeziba," akasema. "Uliniapia, na umeziba."

Hakungoja jibu. Alifunga koki ya gesi, akang'oa mpini wake akautia mfukoni. Akasukuma kioo cha kwanza kikafunguka, upepo ukaingia kwa kishindo, nepi zikaruka. Dilber alimdaka mkono.

"Usifungue! Mzazi hajatoka arobaini! Unataka kumuua?"

"Nataka kumuua mimi?"

Nazmiye alijinasua, akafungua cha pili na cha tatu, akaenda moja kwa moja chumbani. Elvan alikuwa amelala kiubavu, midomo imekauka, na mtoto kando yake, kimya mno kwa mtoto aliyekatishwa kuoga. Utepe mwekundu ulining'inia juu ya kichwa chake. Nazmiye alipiga magoti, akamgusa shavu.

"Elvan. Mwanangu, nitazame."

"Shangazi..." Elvan akafumbua macho kwa shida. "Ananikalia. Hapa. Hata mchana siku hizi."

"Ulipompeleka mtoto zahanati kwa chanjo, alikufuata huko?"

Elvan alifikiri, na kufikiri kulimchukua muda. "Huko sikuumwa. Nilikula mkate wa ufuta mzima, njiani."

"Na uliporudi?"

"Usiku ule ule akaja."

"Basi hakufuati wewe. Anakaa humu ndani, na mimi nimekiona kiota chake. Inuka, tunatoka."

Mlangoni Dilber alikuwa amesimama, ameshika miimo yote miwili. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimefunguka.

"Jua linazama, Nazmiye. Mzazi hatoki na mtoto magharibi. Na upepo huu! Zima mtambo wako, fungua jikoni, fanya utakalo huko. Hawa hawatoki."

"Hewa hii haitoki kwa kupepewa, shoga. Imeshaingia kwenye damu yao. Ni ile ile ya jiko la mkaa, haina harufu wala rangi, na wewe pia umeivuta, ndiyo maana umejifunga kichwa. Nje kwanza. Ugomvi tutaukuta."

"Nilimzika wangu kwa upepo!" Dilber akalia. "Uliniona! Wewe uliniona!"

"Nilikuona," Nazmiye akasema. "Nilikushika mwenyewe. Na sitaki kukushika tena mahali pale."

Akamchukua mtoto, akamtia ndani ya koti lake, kifuani, akafunga zipu mpaka juu. Mkono wa pili akampitisha Elvan kiunoni.

"Ukivuka kizingiti hicho na mjukuu wangu," Dilber akasema, "mimi na wewe basi. Usirudi kwangu."

"Basi iwe basi. Nitakuja kuchukua mitungi yangu."

Akampita. Dilber hakuwa na nguvu za kumzuia, na hilo lenyewe lingetosha kumwambia jambo. Walishuka ngazi polepole, Elvan akijikwaa kila ngazi, na kwenye mlango wa jengo lodos iliwapiga usoni. Mtoto ndani ya koti akashtuka, akavuta hewa, akapiga ukelele mkali wa hasira. Nazmiye ananiambia mpaka leo kwamba hajawahi kusikia sauti tamu kama ile. Alicheka kwa nguvu barabarani huku machozi yanamtoka, akaita gari la wagonjwa, akampigia Tarik kazini akamwambia kwa maneno machache aende hospitali. Nyuma yao ngazi zilikuwa zinalia vishindo: Dilber alikuwa anakuja na mablanketi yote ya nyumba, amevaa kandambili.

Hospitalini walipimwa damu wote watatu, wote watatu wakawekewa oksijeni. Muuguzi aliwauliza wamepatikana saa ngapi na nani, akamtazama Nazmiye na mkoba wake wa vyuma, akasema usiku huu wa lodos wamewapokea wengine kutoka mitaa ya chini, na wao hawakuletwa mapema hivi. Elvan alilala usingizi wa kweli. Mtoto alinyonya. Dilber aligeukia ukuta na kinyago chake usoni, na Nazmiye alipokwenda kumuaga hakugeuka.

Tarik ndiye aliyemwita aje kutengeneza. Elvan na mtoto walikuwa wamepelekwa kwa mama yake Elvan, na Tarik mwenyewe, kijana mzito wa kuongea, alishika ngazi siku nzima na kunywea kwa aibu yake. Nazmiye aliitumia siku hiyo kama alivyopenda. Aliling'oa lile boila akalifungua mpaka matumbo, akatoa vipande vya chokaa vyeupe kama maganda ya mayai, akavipanga juu ya gazeti ili Tarik avione. Akasuuza, akajaza fuwele mpya kwenye kikombe, akazisuuza redieta moja moja na kuzitoa upepo mpaka ziache kugugumia. Vioo vyote vilivyokuwa mbele na kando ya bomba akavitoa kabisa, akamwambia Tarik avipeleke akavitengenezee banda la nyanya, ila hapa visirudi. Kisha akafunga madirisha na milango yote ya ndani, akawasha boila kwa nguvu zake zote, akapita na kipimo chumba kwa chumba, chini ya vitanda, nyuma ya mapazia, sebuleni, tena na tena. Kilikaa kimya. Ukutani mwa chumba cha mzazi akafunga kengele ya hewa ya sumu.

"Ikilia hii hamtafuti mkasi wala ufagio," akamwambia Tarik. "Mnatoka nje kama mlivyo, hata kama mko uchi."

Dilber siku hiyo alikuwa amejifungia chumbani kwake. Nazmiye alisikia kitanda kikilia kila alipojigeuza. Alipomaliza alisimama mbele ya mlango ule akataka kugonga, akaghairi, akaondoka. Mitungi hakuichukua. Alisema mkoba ulikuwa mzito.

Basi yule mwanamke asiyeogopa gesi wala moto wala wanaume, siku zilizofuata alikuwa haishi kuitazama simu. Ihsan alimpikia supu ya dengu, akampikia biringanya, akamwambia, "Nenda kwake wewe."

"Nilikuwa sahihi," Nazmiye akasema.

"Nani kasema hukuwa sahihi? Nimesema nenda."

"Asiponifungulia?"

Ihsan aliweka mwiko chini. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumsikia mkewe akiuliza swali la namna ile.

Siku ya arobaini ya Nilay, asubuhi, simu ililia. Ilikuwa sauti ya Dilber, kavu. "Ulisema utakuja kuchukua mitungi yako. Njoo uichukue leo."

Ikakatika. Nazmiye alikaa kwenye kiti. Kisha akapiga moyo konde, akatafuta kikapu kikubwa, akapanda kilima. Siku ilikuwa ya baridi safi, jua jeupe, na upepo mdogo ukishuka mlimani. Mlango wa Dilber ulikuwa wazi, jambo ambalo halijawahi kutokea. Alivua viatu, akaingia jikoni, akanyanyua uso kama kawaida yake. Boila lilikuwa linanguruma taratibu. Macho yakalifuata bomba mpaka ukutani, na kupitia mlango wa roshani uliokuwa wazi, yakaendelea mpaka nje.

Dilber alikuwa amesimama huko. Alisimama mahali hasa alipotoa vioo Nazmiye, penye uwazi mtupu, mbele ya bonde, na mikononi alikuwa na mjukuu wake. Alikuwa amemvalisha kofia moja tu. Upepo ulikuwa unapeperusha ncha za blanketi, na yeye hakuzibana. Kwenye waya uliokuwa karibu na bomba alikuwa amefunga ule utepe mwekundu, nao ulikuwa unacheza kila boila lilipopumua.

"Nimesimama hapa tangu nilipokupigia," Dilber akasema bila kugeuka. "Nikasema, nikiweza kungoja mpaka ufike, nimeweza."

Nazmiye aliweka kikapu chini.

"Kila usiku nilikuwa naingia mle chumbani," Dilber akaendelea, "naziba, naongeza moto, naziba tena. Nilikuwa nikimtafuta huyo Mwanamke Mwekundu nimpige ufagio. Kumbe aliyekuwa anamkalia mtoto wa watu kifuani ni mimi."

"Wewe ulikuwa unaogopa tu, shoga."

"Yule wangu," Dilber akasema. "Nazmiye, niambie ukweli, wewe huwa husemi uongo. Yule wangu ni upepo uliomuua?"

Nazmiye alikumbuka chumba kile cha zamani, jiko la makaa pembeni, nyufa zilizosukumiwa matambara. Angeweza kusema mengi, mengine ya kumfariji na mengine ya kumkata. Akachagua lile moja alilokuwa na hakika nalo.

"Sijui kilichomuua. Lakini si wewe. Mama mkwe wako alikuwa mwongo, na ningemwambia siku ile ile kama mikono yangu isingekuwa imekushika wewe."

Dilber alilia hapo hapo, kwa sauti, mbele ya bonde zima, na mtoto akamtazama kwa mshangao kidogo. Alipomaliza alijipangusa pua kwa bega.

"Mitungi siitoi," akasema. "Nilikudanganya ili uje. Leo anaogeshwa maji yake ya arobaini, na nimesema hakuna atakayemmwagia ila aliyembeba kwenye koti. Mshike basi, mikono imekufa ganzi."

Nazmiye alimpokea. Bafuni alifungua bomba la maji, akatia kiwiko chini ya maji, akangoja. Maji yalitoka vuguvugu, yakaendelea kutoka vuguvugu, hayakugeuka.